Kumwandaa mtafiti chipukizi wa mageuko ya viumbe kwa kongamano la kisayansi: mwongozo kamili kwa wasimamizi wa Kigoma

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na umri unaokadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Humo wamo samaki wa jamii ya sikilidi wapatao spishi 240, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Kaskazini ya mji wa Kigoma ipo Gombe, alikofika Jane Goodall kuwatafiti sokwe mwezi Julai 1960. Kusini ipo Mahale, ambako mtafiti Mjapani Toshisada Nishida alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1965. Hakuna mwanasayansi wa mageuko ya viumbe asiyelijua ziwa letu, na wanapokutana Ulaya au Marekani, samaki wa Tanganyika hutajwa sana. Anayekosekana ni kijana wa Ujiji, Uvinza au Kasulu aliyesimama mbele ya ukumbi akieleza utafiti alioufanya mwenyewe.

Nawaandikia wasimamizi wa vijana hao: walimu wa vyuo, watafiti waandamizi wa vituo vya utafiti wa samaki na wanyamapori, na viongozi wa miradi. Nauli ni muhimu, na nitaizungumzia. Lakini ninavyoona mimi, msaada unaomfikisha kijana mbali zaidi ni kumpa nafasi ya kuisema hoja yake kwa sauti, tena na tena, kwa Kiswahili kwanza, mbele ya watu wanaolijua ziwa, hadi aimiliki. Akifika ukumbini na hoja ya msimamizi wake mdomoni, swali la pili tu litamkwamisha.

Ili mambo yasielee hewani, nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tuseme mtafiti wako anachunguza Tropheus, wale samaki wadogo wa mawe ambao wafanyabiashara wa samaki wa mapambo wanawatambua kwa rangi. Samaki hawa hula mwani juu ya mawe na hawapendi kuvuka mchanga, kwa hiyo makundi yao yametengana ufuko kwa ufuko na yana rangi tofauti zaidi ya 100. Kijana anauliza: je, tope linaloshuka kutoka vilima vilivyokatwa miti linapunguza tofauti hizo za rangi?

Hatua ya kwanza: thibitisha kwamba kazi ni yake na ruhusa zote zipo

Fanya hivi kabla hata ya kutafuta mkutano. Kaa na waandishi wenza wote, wa hapa na wa nje, mkubaliane kwa maandishi nani atawasilisha nini. Miradi mingi ya ziwa hili ina washirika wa vyuo vya nje, na bila makubaliano hutokea matokeo yaleyale yakawasilishwa na mtu mwingine kwenye mkutano mkubwa huku aliyezama majini akipata shukrani kwenye slaidi ya mwisho. Usimwachie kijana vita hiyo. Wewe ndiye unayeweza kumwandikia profesa mwenzako barua pepe na kumweleza kwamba sehemu hii ni ya mtafiti wetu na ataiwasilisha yeye.

Pitia pia kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, na kama sampuli za tishu zimesafirishwa nje, hati za kuzisafirisha na mkataba wa matumizi yake. Siku hizi maswali ya namna hiyo huulizwa hadharani, na kijana anapaswa kujibu bila kubabaika kwamba vibali vipo, vimetolewa na nani na vinaruhusu nini.

Hatua ya pili: chagua mkutano unaoendana na hatua aliyofikia

Mara ya kwanza si lazima iwe ng'ambo. Kongamano la kisayansi la TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, hufanyika kila baada ya miaka miwili, na Arusha ndiko linakozoeleka. Huko kijana atakutana na watu wa wanyamapori, wa mimea, wa samaki na wa sera, wengi wao wakiwa na umri na uzoefu kama wake. Hahitaji viza. Ningeanzia hapo karibu kila mara, hata kwa kijana mwenye uwezo mkubwa.

Kwa upande wa kimataifa kuna vyama vitatu vya kuvijua. SSE, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1946, huungana na vyama vingine viwili kuandaa mkutano wa kila mwaka uitwao Evolution. ESEB ni cha Ulaya, kilianzishwa mwaka 1987, na kongamano lake huwa kila baada ya miaka miwili, miaka ya witiri. SMBE hushughulika na mageuko katika ngazi ya vinasaba na hukutana kila mwaka. Kwa kijana anayepima rangi na tabia za samaki, hivyo viwili vya kwanza ndivyo vinavyomfaa. Kwa anayesoma jenomu, yaani vinasaba vyote vya kiumbe, cha tatu kinaingia.

Angalia mkutano mzima na kipindi mahususi atakachoomba. Kipindi chenye kichwa kinachohusu kutokea kwa spishi mpya au rangi na uchaguzi wa wenza kitamweka kijana wetu kati ya watu wanaosoma jambo lilelile. Kikao cha jumla kitampeleka saa kumi jioni mbele ya watu kumi wasiohusika.

Hatua ya tatu: anza safari ya makaratasi mapema kuliko unavyodhani

Hapa ndipo safari nyingi za vijana wa mkoa huu hufia. Kigoma ni mkoa wa mpakani, na uhakiki wa uraia unaweza kuchukua muda. Kijana asiye na pasipoti aanze kuishughulikia siku mliyokubaliana kwamba ana jambo la kuwasilisha, hata kama mkutano haujachaguliwa. Akusanye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na nyaraka za wazazi, avipige picha na kuvihifadhi. Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye kila hati, ikiwemo vyeti vya shule. Herufi moja iliyopotea kwenye cheti cha kidato cha nne inaweza kumla kijana miezi.

Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini inaweza kuzidi hapo, na miadi yenyewe huchelewa kupatikana. Alama za vidole anazitoa yeye mwenyewe Dar es Salaam. Maana yake kuna safari ya Kigoma hadi Dar na kurudi kabla ya safari yenyewe, pamoja na malazi, na gharama hiyo wafadhili wengi hawaijui. Iandike kwenye bajeti waziwazi.

Barua ya mwaliko kutoka kwa waandaaji iombwe mara tu ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti unaotumwa kwa waandaaji, inapokubaliwa. Wewe andika barua ya kuthibitisha kwamba ni mtumishi au mwanafunzi wako, kwamba ana kazi ya kurudia na nani analipia nini. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti.

Hatua ya nne: jibu swali la nani anatanguliza fedha

Vyama vingi vina ruzuku za kuwasaidia wanasayansi chipukizi na watu wa nchi zenye kipato kidogo. ESEB, kwa mfano, imekuwa na mfuko wa kuwasaidia watu kuhudhuria kongamano lake. Soma masharti kwa makini, hasa sehemu moja: fedha zinatolewa kabla au zinarudishwa baada? Nyingi hurudishwa baada ya mkutano kwa kuonyesha risiti. Kijana anayelipwa posho ya mradi hana milioni kadhaa za kulipa tiketi leo na kusubiri miezi mitatu.

Taasisi au mradi wako ukatanguliza fedha, umetatua tatizo lililowazuia vijana wengi kuliko ubora wa utafiti wao. Mkifanya hivyo, andikeni makubaliano mafupi: kiasi, tarehe ya kurudisha, na kitakachotokea ruzuku ikichelewa. Kama taasisi haiwezi, waandikie waandaaji moja kwa moja uwaombe walipe tiketi na hoteli wao wenyewe. Wengi hukubali wakiombwa mapema na mtu mwenye cheo, na wachache hujibu barua ya mwanafunzi asiyejulikana.

Omba pia punguzo la ada ya kujiandikisha na uanachama wa bei nafuu. Mama anayenyonyesha aulize kuhusu malezi ya mtoto. Baadhi ya mikutano ina chumba cha kunyonyeshea na msaada wa gharama za mlezi. Usisubiri aulize yeye. Wengi wataamua kimyakimya kwamba mwaka huu hawaendi.

Hatua ya tano: ikisiri

Ikisiri kwa kawaida inatakiwa miezi kadhaa kabla ya mkutano, na ndiyo inayoamua kama kijana atazungumza, ataweka bango au atakataliwa. Rasimu ya kwanza ya mtafiti wetu huenda ikawa hivi:

"Ziwa Tanganyika ni ziwa lenye kina kirefu na samaki wengi. Samaki ni muhimu kwa lishe na uchumi wa wananchi. Utafiti huu ulilenga kuchunguza rangi za samaki katika maeneo mbalimbali ya Kigoma. Takwimu zilikusanywa na kuchambuliwa. Matokeo yatajadiliwa."

Hakuna uongo hapo, lakini hakuna swali, hakuna sababu ya kuuliza na hakuna jibu. Mwambie aifunge kompyuta, akueleze kwa mdomo alichokiona. Kitakachomtoka kitakaribiana na hiki:

"Je, maji yakichafuka, tofauti za rangi kati ya makundi ya samaki hupungua? Katika Ziwa Victoria, kupungua kwa mwanga majini kumehusishwa na samaki kushindwa kutofautisha wenza wao kwa rangi. Tanganyika ina maji maangavu, lakini baadhi ya fukwe za mawe karibu na Kigoma sasa zinapokea tope. Tulipima rangi za Tropheus kwenye fukwe zenye maji maangavu na zenye tope, tukalinganisha."

Baada ya hapo yafuate matokeo kwa namba: tofauti ni kubwa kiasi gani, kwenye fukwe ngapi, na samaki wangapi kila ufuko. Sentensi ya mwisho iseme matokeo hayo yanabadilisha nini katika tunavyodhani spishi hutenganishwa na kuunganishwa tena. Kazi ya Victoria inayotajwa pale ilichapishwa mwaka 1997 na Ole Seehausen na wenzake katika jarida la Science. Kila mtu kwenye kipindi kile ataijua, hivyo asiyeitaja ataonekana hajasoma.

Kabla ya kutuma, waandishi wenza wote wawe wameisoma na kuikubali. Weka tarehe yenu wenyewe ya mwisho, wiki nzima kabla ya ile ya waandaaji, kwa sababu intaneti na umeme havijui tarehe za mwisho.

Hatua ya sita: slaidi au bango

Wasilisho la kawaida ni kama dakika 12 za kuzungumza na 3 za maswali. Kwa muda huo slaidi 12 zinatosha. Kichwa cha kila slaidi kiwe sentensi kamili inayosema kilichopatikana: "Kwenye fukwe zenye tope, rangi zinakaribiana" ni bora kuliko "Matokeo". Ramani ya kwanza ionyeshe Afrika, kisha ziwa, kisha fukwe zenyewe, maana wengi wanalijua ziwa bila kujua Kigoma iko upande gani.

Kuna jambo la rangi ambalo kwenye utafiti wa rangi halisameheki. Karibu mwanaume mmoja kati ya 12 wenye asili ya Ulaya hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Grafu yenye nukta nyekundu na kijani itakuwa fumbo kwa sehemu ya ukumbi. Tumia bluu na chungwa, na maumbo tofauti ya nukta. Picha za samaki ziwe zimepigwa pamoja na kadi ya vipimo vya rangi na rula, na kadi hiyo iachwe ionekane. Mtaalamu akiiona, ataamini vipimo hata kabla ya kuelezwa mbinu.

Bango mara nyingi ni la ukubwa wa A0, yaani milimita 841 kwa 1,189, lakini thibitisha kama ubao wao ni wa wima au wa ulalo. Usimbebeshe kijana bomba refu la plastiki kwenye ndege tatu. Wanaochapa mabango ya harusi na ya kampeni wanaweza kuchapa juu ya kitambaa kinachokunjwa ndani ya begi. Omba kwanza kipande cha majaribio chenye picha ya samaki, kwa sababu mashine zilizozoea mabango ya harusi hukoleza rangi kupita kiasi, na hapa rangi ndiyo takwimu. Maneno yasizidi 400 hivi. Katikati liwepo jibu kwa herufi zinazosomeka kutoka hatua tatu.

Bango si daraja la pili. Kwa kijana mwenye aibu ya ukumbi ningelichagua kwanza, kwani saa mbili za kuzungumza na mtu mmoja mmoja humletea marafiki wa kazi wengi kuliko dakika 12 jukwaani.

Hatua ya saba: mazoezi, kuanzia mwaloni

Hii ndiyo hatua ambayo wasimamizi wengi huifinya hadi ikawa mazoezi ya haraka ya jioni moja. Mimi ningeipa wiki sita.

Duru ya kwanza haina slaidi wala Kiingereza. Mpeleke Kibirizi au Katonga asubuhi, boti za dagaa zikisharudi na watu wamekaa, amweleze mvuvi anachotafiti. Aanze kwa salamu kama kawaida, aeleze samaki wake, swali lake na alichokipata. Wavuvi hawa wanayajua maji kuliko sisi. Wanajua ni wapi mto huleta tope, mwezi gani, na hukaa siku ngapi kabla ya kutulia. Mzee mmoja tu akimuuliza, "Mwanangu, hivi ulipima kiangazi au masika?" atakuwa amelitaja tundu ambalo mhakiki wa jarida angelitaja baadaye kwa maneno magumu zaidi. Kama alipima kiangazi tu, wakati tope linashuka mvua zikinyesha, inabidi ajue namna ya kulieleza, au arudi kupima.

Kuna sababu nyingine ya kuanza huko. Kijana akieleza kwa Kiswahili hawezi kujificha nyuma ya istilahi. Hawezi kutaja uteuzi asilia na kupita. Inabidi aseme kwamba samaki wenye rangi fulani huzaa zaidi kwa sababu fulani. Akishindwa kuitaja sababu hiyo kwa Kiswahili, basi bado hajaijua, na Kiingereza kitamsaidia kuificha tu.

Duru ya pili ni mbele ya wenzake, kwa Kiswahili bado, sasa akiwa na slaidi. Waambie wanaosikiliza waandike sehemu waliyopotea. Sifa waziweke pembeni kwanza. Duru ya tatu ni kwa Kiingereza, akiwa amesimama, projekta ikiwaka na saa ikihesabu. Walete watu wasio wa fani: mwalimu wa hisabati wa sekondari, ofisa mifugo, daktari wa hospitali. Mrekodi kwa simu na ajisikilize mwenyewe.

Asikariri wasilisho zima. Akisahau neno moja, yote yataporomoka. Akariri sentensi mbili za mwanzo na mbili za mwisho, na kila slaidi awe na jambo moja analojua kwamba lazima alitamke. Sentensi fupi. Asiige lafudhi ya mtu yeyote, bali apunguze kasi, kwani masikio ya ukumbi yanahitaji sekunde chache kuzoea sauti mpya. Majina ya kisayansi ya samaki ayafanyie mazoezi ya pekee hadi ulimi usikwame.

Hatua ya nane: maswali yatakayoulizwa bila shaka

Ukumbi wa watu wa mageuko una mazoea yake. Tangu wanabiolojia Stephen Jay Gould na Richard Lewontin walipokosoa mwaka 1979 tabia ya kubuni maelezo mazuri ya kila kiungo bila kuyapima, wasikilizaji wamekuwa wepesi kushuku hadithi inayopendeza. Mwandae kijana kwa maswali haya, na kila moja alijibu kwa sauti mara kadhaa.

La kwanza: ni urithi au ni mazingira? Samaki wa maji yenye tope huenda wamefifia kwa sababu ya chakula au mwanga hafifu, na watoto wao wakilelewa kwenye maji maangavu wakarudi kuwa na rangi kali. Njia ya kutenganisha ni kuwalea wa fukwe zote mbili kwenye matangi ya hali moja. Kama hajafanya hivyo, aseme hajafanya na aeleze angefanyaje. Jibu hilo ni la heshima kabisa, na mara nyingi ndipo mtu mwenye matangi hujitokeza kuomba ushirikiano.

La pili: ni uteuzi asilia au ni bahati nasibu? Kundi dogo lililofungiwa kwenye ufuko mmoja linaweza kubadilika rangi bila faida yoyote. Ajue ushahidi gani ungetofautisha mambo hayo mawili.

La tatu linawaangusha wengi: sampuli yako ni ngapi? Akipima samaki 200 kwenye fukwe mbili, moja yenye tope na moja isiyo nalo, kwa swali lake ana fukwe mbili tu. Samaki wa ufuko mmoja wanashiriki kila kitu, si tope peke yake. Ahesabu fukwe.

La nne huja anapolinganisha spishi au makundi mengi: umezingatia undugu wao? Mwanabiolojia Joseph Felsenstein alionyesha mwaka 1985 kwamba spishi zenye babu mmoja haziwezi kuhesabiwa kama shahidi tofauti, na tangu hapo swali hilo halikosekani. Kwa bahati nzuri mti wa undugu wa sikilidi wetu upo. Walter Salzburger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walichapisha mwaka 2021 katika Nature uchambuzi wa jenomu za karibu spishi zote za ziwa hili. Kijana autumie na autaje.

Kisha kuna suala la malezi. Vijana wetu wamefundishwa kutombishia mkubwa, na profesa mwenye mvi akisema "sidhani kama ni hivyo", wengi hujibu "ni kweli, asante". Ukumbini hiyo inasomeka kama kukubali kushindwa. Mfundishe mwendo wa hatua tatu: ashukuru kwa swali, alirudie kwa maneno yake ili awe na uhakika amelielewa, kisha aseme kile takwimu zinachoonyesha hata kama hakimpendezi muulizaji. Kwenye mazoezi wewe mwenyewe simama umbishie, umkatize, ukosee kwa makusudi, na usikubali mpaka akurekebishe. Mara ya kwanza atacheka kwa aibu. Endelea.

Na kama hakusikia swali, aombe lirudiwe polepole. Wasemaji wa lugha zote hufanya hivyo.

Hatua ya tisa: siku za mkutano

Afike siku moja kabla, iwe ni Arusha kwa basi au Ulaya kwa ndege. Kutoka Kigoma ni mbali, na mwili uliochoka hausemi vizuri. Slaidi ziwe kwenye kompyuta mpakato, kwenye flashi na kwenye barua pepe, na nakala ya PDF endapo programu ya ukumbini ni tofauti. Azijaribu ukumbini mapumziko ya kabla ya kipindi chake, aangalie jinsi projekta inavyozionyesha rangi za samaki.

Kwenye mapumziko ya chai, kijana wetu atasimama pembeni akisubiri mkubwa amwanzie. Huko mkubwa hamwanzii mtu. Kwa hiyo chagueni pamoja watu watatu kabla ya safari, na wiki moja kabla awaandikie kila mmoja mistari minne: mimi ni nani, nafanya nini, nawasilisha lini, ningependa kuuliza hili. Kama unamjua mmoja wao, mwandikie wewe umwombe amtafute. Hilo ni jambo dogo kwako na kubwa sana kwake.

Zungumzeni pia mambo ya kawaida bila kuona haya. Mahali pa kuswali na muda wake, chakula cha halali, namna ya kukataa pombe kwenye tafrija bila kujieleza, baridi na koti la kuazima. Mweleze kwamba mikutano hii ina kanuni za maadili na mtu wa kumwendea akinyanyaswa, na kwamba wewe utaamini atakachokuambia. Mpigie kila jioni, dakika tano zinatosha.

Akifuatwa na mtu anayetaka sampuli au takwimu ghafi, asiahidi chochote papo hapo. Achukue anwani na ajibu kwamba atawasiliana na timu yake.

Kama anawasilisha kwa njia ya mtandao akiwa Kigoma, awe na bando kwenye mitandao miwili ya simu, kompyuta iliyojaa chaji na video ya wasilisho iliyotumwa kwa waandaaji mapema. Tena apewe chumba tulivu na asipangiwe kazi za ofisi siku hizo. Ameenda mkutanoni, ingawa hajatoka mjini.

Hatua ya kumi: wiki mbili za mwanzo baada ya kurudi

Risiti zipelekwe wiki ya kwanza, zikiwa zimepangwa kwa tarehe, pamoja na vishina vya tiketi za ndege. Jioni ileile ya mkutano awe ameandika kila swali aliloulizwa, na mkirudi mkae mlipange: lipi linahitaji uchambuzi mpya, lipi linahitaji kurudi ziwani, lipi lilikuwa la kutoelewana tu. Orodha hiyo ndiyo mpango wa makala. Awaandikie watu aliozungumza nao kabla hawajamsahau, kila mmoja akimkumbusha jambo moja mahususi waliloongea.

Mpangie siku ya kuwaeleza wenzake wa kituo, na nyingine ya kurudi mwaloni kwa kamati ya BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, na wavuvi waliomsikiliza mwanzo. Yule aliyeuliza habari ya masika ana haki ya kujua swali lake lilijibiwaje. Kama kipimo cha masika bado hakijafanyika, mvua za kwanza huanza karibu na Oktoba au Novemba. Boti, mafuta na kamera ya kuzamia viwekwe kwenye bajeti ya robo hiyo, na kijana mwenyewe aongoze safari.

Mkutano unaofuata atahitaji mtu wa kumsaidia kupima. Mwambie achague mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, na aanze kumfundisha kuipiga picha ile kadi ya rangi.